Sura ya Tisa: Viatu Vilivyotazama Nje

Inspekta alivua kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, kisha akajuta. Kidole gumba kilikuwa kimetoboa soksi na kujitokeza chote, kinachungulia dunia bila haya.

"Afande, una mgeni," Sajenti alisema.

"Mwache. Naye kachoka."

Viatu vyake alivisukuma kwenye rafu ya barazani, ncha zikitazama ukuta, akaendelea kukaa kwenye benchi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Tangu jalada la Mhandisi liangukie mezani kwake hakuwa amepata usingizi wa maana. Aliyekuwa nalo mwanzo aliugua, au alijua kuugua, na mzigo wa mgonjwa hubebwa na mzima.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mhandisi wa halmashauri, yule aliyeandika kwamba maktaba hii kongwe ina ufa na ibomolewe, alikutwa asubuhi amelala chali kwenye ukumbi wa kusomea, kisogo kimepasuka, simu na mkoba havipo. Viatu vyake vilikutwa hapa barazani, kwenye rafu hii hii, kama desturi ya nyumba inavyotaka, maana humu hakuna anayeingia na viatu. Mlinzi alikuwa na rungu, alikuwa na ufunguo wa akiba wa mlango wa uani, na tena alidanganya alikokuwa. Basi akatiwa mahabusu, na kituo kizima kikashusha pumzi.

Kulikuwa na mtu mwingine ambaye mji ulimnyooshea kidole, tajiri mmoja aliyekitamani kiwanja. Watu hupenda tajiri awe na hatia. Lakini huyo siku ya tukio alikuwa hospitalini anatolewa jiwe la figo, na Inspekta aliliona jiwe lenyewe kwa macho yake, kwa sababu mwenyewe alilihifadhi kwenye kichupa na kulionyesha kwa fahari kama mtu aliyejifungua mtoto wa kiume.

Akabaki mlinzi. Mkuu wa kituo alikuwa amepiga simu mchana. "Kesho asubuhi huyo anapanda kizimbani," alisema. "Ukienda huko maktaba, azima kitabu. Kesi imekwisha." Na Inspekta alijua maana yake. Shtaka la kuua halina dhamana. Mlinzi akishasomewa atakaa rumande mpaka watoto wake wamsahau sura, ndipo labda apatikane mtu wa kumsikiliza. Mke wake alikuwa anakuja kituoni kila asubuhi na bakuli la chakula, anasimama kaunta, haulizi kitu. Hilo la kutouliza ndilo lililokuwa likimkosesha Inspekta usingizi.

"Karibuni ndani," ilisema sauti ya mwanamke.

Mkutubi alikuwa amesimama kizingitini, peku, shada la funguo mkononi. Mji mzima ulimwita Mama Maktaba, hata wazee waliomzidi umri. Ilibaki kidogo astaafu, na mikono yake ilikuwa mipana na migumu, mikono ya mtu aliyebeba maboksi ya vitabu tangu usichana. Inspekta na Sajenti walimfuata. Sakafu ilikuwa nyekundu, imepigwa nta hata taa za dari zilionekana chini.

"Pole na kazi, baba," alisema. "Hamkumaliza siku ile?"

"Kazi hii haimaliziki, mama. Nieleze nyumba."

"Nyumba?"

"Mwanzo wake. Mimi si mtu wa hapa. Nimesoma maelezo ya watu wote, sijasoma ya nyumba."

Mama Maktaba alimtazama kama mtu anayeombwa picha ya mwanawe. Akaanza, na uchovu aliokuwa nao usoni ukapungua.

Baba yake ndiye aliyeijenga. Walimwita Fundi Timazi, kwa kuwa alitembea na timazi mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso, na aliweza kuitoa hata ugenini akapima ukuta wa mwenyeji wake. Hakukuwa na mfadhili. Kila mtaa ulileta mawe yake, na ndiyo sababu ukuta wa kusini ni mweusi, mawe ya mtoni, na wa mashariki unaelekea wekundu, mawe ya machimboni. Unene wake ni mkono mzima, kuanzia begani mpaka kwenye vidole, chokaa tupu, bila saruji hata chembe. Madirisha ya chini ni ya kuingizia upepo na yale madogo ya juu, chini ya paa, ni ya kutolea joto. Boriti ni za mvule. Nje, upande wa uani, aliweka roshani ya mbao ili anayetaka kusoma akipigwa na upepo apande akae.

"Bado wanapanda?" Inspekta aliuliza.

"Imefungwa kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu wasomaji wapungue," alisema, akakigeuza kiti kimoja kikae sawa na wenzake.

"Na hili la viatu?"

Hapo akacheka, kwa mara ya kwanza. Siku ya ufunguzi, alisema, sakafu ilikuwa imeshika lakini haijakomaa. Fundi Timazi alisimama mlangoni akawaambia wote wavue. Wakavua, wakubwa kwa wadogo, isipokuwa mgeni rasmi, ambaye hakuona kwa nini mtu mwenye hadhi yake apite peku mbele ya umati. Mama Maktaba aliwarudisha hadi karibu na kizingiti, akawaonyesha shimo dogo la nusu duara lililojaa nta.

"Kisigino chake. Jina lake hakuna anayelikumbuka. Baba alikataa kuziba, alisema watoto wakione. Ndiyo ikawa desturi mpaka leo. Na wekundu huu hautoki, mimi napiga nta kila wiki. Mama wa mji huu akitaka kujua mtoto alikuwa maktaba au alikuwa mtoni, anamwambia inua mguu."

Sajenti alikuwa amekwisha fika mwisho wa ukumbi, mahali ukuta wa mawe ulipokutana na mrengo mpya wa matofali ya saruji wenye ofisi na vyoo. Ufa ulishuka hapo kutoka darini hadi chini, na lipu imebanduka pande zote mbili.

"Ndio huu uliomleta marehemu?" aliuliza. "Mimi bibi yangu alisema usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Huo ukiuziba ndipo utajenga ukuta," Mama Maktaba alijibu. "Ukumbi huu ulishakaa, haushuki tena. Mrengo ule ni mwepesi, kila masika unacheza. Baba aliujenga uzeeni, akaacha nafasi ya kidole kati yake na ukumbi ili nyumba mbili zisivutane. Sasa kila akija mkubwa kutembelea, halmashauri wanaona aibu, wanashindilia saruji na kupaka rangi. Mvua ikinyesha inapasuka na kuondoka na lipu. Wakaja wakasema jengo linazama."

"Mhandisi ulimweleza hayo?"

"Nilimweleza."

"Lini?"

Aliuzungusha ufunguo mmoja kwenye shada. "Alipokuja mara ya kwanza."

"Na siku aliyokufa alirudi kwa lipi?"

"Mimi nilifunga jioni nikaenda zangu. Nimekwisha andika hayo."

Ni kweli alikuwa ameandika. Inspekta aliyakumbuka maelezo yake karibu yote. Asubuhi alifungua mlango mdogo wa uani, akaiona maiti, akatoka mbio kwa mlango huohuo hadi barabarani kuomba msaada. Barazani hakufika mpaka polisi walipokuja na kamera.

"Mlete Kamanda," Inspekta alimwambia Sajenti.

Kamanda ndiye mlinzi. Jina hilo alipewa na watoto, kwa sababu alimpigia saluti kila aliyepita getini, hata mbuzi. Alishushwa kutoka kwenye gari na pingu zake, buti kubwa nyeusi miguuni, na Mama Maktaba alipomwona aligeukia dirisha akaanza kushughulika na komeo ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Kamanda," Inspekta alisema kutoka ndani, "nionyeshe ulivyoingia."

Kamanda alitembea vizuri tu mpaka kizingitini, akasimama.

"Nimefika, afande."

"Ingia basi."

"Hapa ndipo mwisho wangu."

"Kwa nini?"

"Hizi buti kuzifunga kamba ni kazi ya nusu siku. Mama hapendi buti ndani, na mimi sipendi kuvua." Akaona aibu kidogo. "Miguu yangu, afande. Nikivua hizi, hata vitabu vitaomba ruhusa."

Sajenti aligeuka pembeni akakohoa.

"Hujawahi kuingia humu?"

"Sijawahi, tangu niajiriwe. Nikiwa na neno na mama, napiga hodi dirishani."

"Ni kweli, mama?" Inspekta aliuliza.

Mama Maktaba hakugeuka. "Ni kweli."

"Siku ile ulikuwa wapi, Kamanda?"

"Getini."

"Kamanda."

Mlinzi aliangalia buti zake. "Nililala, afande. Nyuma ya bohari la jirani, juu ya magunia. Mtoto alikuwa mgonjwa, usiku wa kuamkia siku ile sikufumba jicho. Nikasema nijinyooshe kidogo."

"Nani alikuona?"

"Aliyelala ana shahidi gani?"

Hilo lilikuwa jibu la kwanza la kweli ambalo Inspekta alilisikia siku hiyo, na halikumsaidia mtu. Alimwambia Kamanda akae kwenye benchi. Yeye mwenyewe alijibwaga kwenye kiti cha wasomaji karibu na mahali maiti ilipokutwa, akaupandisha mguu wa kushoto juu ya goti ili akisugue kifundo kilichokuwa kinamuuma tangu asubuhi. Soksi ilikuwa nyekundu chini, kutoka kisigino hadi kwenye kile kidole kisicho na adabu.

Aliitazama kwa muda, mkono umesimama kwenye kifundo.

"Sajenti, inua mguu."

"Afande?"

"Inua tu."

Sajenti aliinua. Unyayo wake ulikuwa mwekundu kama wa bibi harusi.

"Niletee mfuko wa vielelezo. Ule wa nguo."

Soksi za Mhandisi zilikuwa za kijivu kilichopauka, nzuri, za mtu aliyekuwa na mke anayejali. Inspekta alizitandaza mezani, nyayo juu. Vumbi kidogo pembeni, jasho kavu kwenye vidole. Wekundu hakuna. Alizigeuza, akazigeuza tena, akamsogezea Sajenti.

"Toka mlango wa baraza mpaka hapa ni ukumbi mzima," alisema taratibu. "Toka mlango wa uani ni pafupi zaidi, lakini bado ni sakafu hiihii. Huyu bwana hakukanyaga hata hatua moja."

"Basi alibebwa."

"Alibebwa. Daktari aliandika kwamba damu hapa ilikuwa kidogo mno kwa kichwa kilichopasuka hivyo, nikasoma nikapita." Akajikuna shingo. "Uchovu huu utaniua."

"Lakini viatu, afande. Kama alibebwa maiti, nani alimvua viatu? Muuaji gani anakumbuka desturi?"

Inspekta alinyanyuka, akaenda barazani. Rafu ya viatu ilikuwa pale pale. Viatu vyake, alivyovisukuma ncha zikitazama ukuta, sasa vilikuwa vimegeuzwa, visigino ukutani na ncha zinatazama nje. Vya Sajenti pia. Alifungua jalada, akatafuta picha ya rafu iliyopigwa asubuhi ile. Viatu vya Mhandisi, vyeusi, vya kamba, viko peke yao katikati ya rafu, visigino ukutani, ncha zinatazama nje.

"Kamanda, nani amegeuza viatu vyangu?"

"Si ni mama huyo." Kamanda alishangaa kuulizwa jambo la wazi namna hiyo. "Amepita hapa sasa hivi mlipokuwa na soksi zenu. Anageuza vya kila mtu, hata vya watoto wa chekechea. Anasema mtu akitoka asihangaike kugeuka."

"Wewe huwa unageuza?"

"Mimi? Vya wenyewe nivishikie nini?"

Inspekta alilifunga jalada. Hakufurahi. Kuna mafumbo ambayo mtu akiyafumbua hutamani angeyaacha.

Alivaa viatu vyake, akazunguka jengo hadi uani. Kutoka mlango mdogo wa ukumbi mpaka mfereji wa maji ya mvua palikuwa karibu, na mfereji ulikuwa wa mawe yaliyochongwa, kingo kali. Mvua ilikuwa imenyesha usiku ule wa tukio na kuosha kila kitu. Kando ya mlango liliegemezwa toroli la kubebea maboksi ya vitabu, magurudumu yake yamesuguliwa yakang'aa. Aliinua macho. Juu ya mfereji, sawasawa kabisa, ilining'inia roshani ya Fundi Timazi.

Ngazi ya kupandia ilikuwa ya nje, ya mawe. Aliuvuka mnyororo uliofunga njia, akaipanda taratibu, magoti yakimlaumu. Juu kulikuwa na benchi refu la wasomaji, majani makavu, na harufu ambayo haikustahili kuwa pale, harufu ya rangi mpya. Ukingo wa mbao uliozunguka roshani ulikuwa wa kijani kilichopigwa na jua kwa miaka mingi hata kikawa kama majivu, lakini kipande kimoja cha katikati kilikuwa kijani kibichi. Aligusa, na rangi ikabaki kwenye kidole. Misumari ilikuwa mipya, vichwa vyake vimezamishwa na kufunikwa vizuri, kazi ya mtu aliyefundishwa na fundi. Alitoa ufunguo wa gari, akauchomeka kwenye nguzo iliyoshikilia kipande kile. Ukazama kama kwenye sabuni iliyolowa.

Akasogea mbele aone palivyo chini, mkono ukitafuta pa kujishikilia.

"Usiegemee," Mama Maktaba alisema nyuma yake. "Usiegemee hapo, baba."

Inspekta aliurudisha mkono. Waliangaliana. Mama alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, peku, kifua kinapanda na kushuka kwa mbio alizopanda nazo, na ilionekana wazi kwamba ameshajua alichokisema.

"Asante," Inspekta alisema. "Sasa kaa, mama. Kaa pale kwenye benchi unieleze."

Alikaa. Shada la funguo alilipakata.

"Nilimwomba arudi," alisema. "Nilimbembeleza. Nikamwambia umeona ufa, hujaona nyumba. Akaja tulipokwisha funga, mtu mpole kabisa. Sikumpitisha ndani. Nilitaka aanze na kuta za nje, na za juu huku. Alikuwa na kinyundo chake, anagonga jiwe, anasikiliza, anagonga, anasikiliza. Tukafika hapa. Akasema, 'Mama, kuta hizi ni nzima, zitatuzika sote. Ni mbao tu ndizo zimechoka. Kesho nitaandika upya.' Alikuwa anatabasamu. Kisha akaegemea ili afute jasho."

Chini, Sajenti alikuwa amefika uani. Inspekta alimpungia mkono asubiri.

"Alikuwa hai ulipomfikia?"

"Hapana. Niliweka sikio kifuani, nikashika shingo. Ningemwona yu hai, ningembeba mgongoni mpaka hospitali, hilo naapa."

"Nakuamini. Kwa nini hukuita mtu?"

"Angekutwa pale chini, kila mtu angeinua macho juu." Alilisema bila kusita, neno alilokuwa amelirudia moyoni siku zote hizo. "Wangesema jengo limeua. Wasingengoja hata azikwe. Ndani ya ukumbi hakuna kitu juu ya kichwa cha mtu, ni dari tu na hewa. Nikaleta toroli. Simu na mkoba viko stoo, nyuma ya magazeti ya zamani. Nilitaka mdhani ni wezi wa kupita njia."

"Na roshani ukaitengeneza."

"Nimelelewa na nyundo, baba."

"Ulijua imeoza?"

Alitikisa kichwa kukubali, polepole. "Nilijua. Kila mwaka nilisema nitawaambia halmashauri. Nikisema mbao, wao watasikia jengo. Nikafunga ngazi, nikanyamaza."

"Mficha maradhi," Inspekta alisema, akaishia hapo. Iliyobaki kila mtu anaijua.

Upepo ulianza kusukuma majani makavu kwenye sakafu ya roshani. Upande wa milimani wingu lilikuwa limekwisha kuwa jeusi.

"Viatu," alisema. "Ungemwacha na viatu vyake, mama, nisingepanda hapa. Kamanda angekwenda mahakamani kesho."

Mama Maktaba alimtazama kama mtu asiyeelewa anaulizwa nini.

"Kwenye sakafu ya baba?"

Inspekta aliangalia viatu vyake mwenyewe.

"Sikufikiri," aliendelea, sauti imeshuka. "Nilifika mlangoni na toroli, nikavua vyangu, nikamvua na vyake. Mkono ulienda wenyewe. Nikavipeleka barazani, nikaviweka anavyopaswa kuvikuta." Hapo ndipo alipolia, bila kelele, machozi yakidondokea funguo. "Mtu amekufa, na mimi namgeuzia viatu."

Inspekta alimwacha alie. Hakuwa na leso. Alikuwa nayo asubuhi, akampa mke wa Kamanda.

"Na Kamanda je?" aliuliza baadaye.

"Kila nilipoamka nilijiambia, leo watamwachia. Hakufanya kitu, watamwachia tu."

"Hatuachii watu hivyo, mama. Mke wake anapita hapa na bakuli lake?"

"Anapita. Ananisalimia."

"Unamjibu?"

"Namjibu." Alifuta uso kwa kiganja. "Watalibomoa?"

"Mimi ni polisi. Sijui."

"Alisema ataandika upya. Alisema kuta ni nzima. Wewe andika hivyo."

"Nitaandika kwamba umesema alisema."

"Hakuna atakayeamini."

"Siku ile wangeamini," Inspekta alisema. Lilikuwa neno la kweli, na alitamani angelimeza.

Walishuka pamoja, yeye akitangulia ili mama asiteleze. Alimpigia mkuu wa kituo palepale uani. Mkuu aliuliza kama ana hakika, akauliza tena, akasema basi, mlete huyo mama. Hakumtaja mlinzi, na Inspekta hakungoja amtaje. Walipofika barazani alimwambia Sajenti atoe ufunguo wa pingu.

Kamanda aliisugua mikono pingu zilipotoka. Alimwangalia Inspekta, akamwangalia Mama Maktaba, ambaye alikuwa amesimama mbele yake bila kuinua macho, na taratibu akaelewa.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza.

"Nilikuwa najua."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote."

Hakumtukana. Pengine ingekuwa nafuu kama angemtukana. Alibaki akitingisha kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu kitu ambacho hesabu yake haikubali. Matone ya kwanza yalianza kugonga bati la mrengo mpya. Ndani ya ukumbi madirisha yote yalikuwa wazi, na vitabu viko chini yake.

Mama Maktaba alinyoosha mkono wenye funguo.

"Mvua inaingia," alisema. "Ya juu yanafungwa kwa ufito, uko nyuma ya mlango. Mimi siruhusiwi tena, naenda na hawa."

Kamanda alizipokea. Alisogea hadi kizingitini na kusimama pale anaposimama siku zote. Kisha akainama, vidole vikaanza kutafuta fundo la kamba za buti.

"Ingia na viatu, ndugu yangu," Mama Maktaba alisema. "Ingia tu."

Kamanda aliliacha fundo. Hakugeuka kumtazama. Alivuka kizingiti, akapita juu ya kisigino cha mgeni rasmi, na buti zake zikaanza kuacha udongo wa nje kwenye sakafu nyekundu, alama baada ya alama, hadi dirisha la kwanza.

Gari lilikuwa limekwisha washwa. Sajenti alishuka ngazi za baraza, akafungua mlango wa nyuma, akangoja. Mama Maktaba alikuwa bado peku, na viatu vyake vilikuwa vya mwisho kwenye rafu, vinatazama nje. Inspekta aliinama, magoti yakalia, akamwekea mbele ya miguu. Mama alivivaa bila kuvitazama. Aliendelea kusimama akisikiliza makomeo yakipigwa moja moja, na lilipofungwa la mwisho ndipo akaenda garini.